Baraza ya Bi Hamda na Lori la Karafuu

Turki hajapata kutanguliza salamu mbele ya habari. Ndiyo maana pale kijiweni Kajificheni wakamwita Redio, jina alopewa na mamaake likabaki la kwenye kitambulisho tu. Asubuhi ile aliingia kichochoroni mbiombio, kanzu kaishika juu kama mtu anayevuka maji, na kabla hajamfikia Sami muuza kahawa alikuwa keshaanza kutangaza.

"Wapimaji! Wapimaji wa ardhi wameingia! Nimesikia kwenye taarifa ya habari, na nimewaona kwa macho yangu haya, wako pale kona ya msikiti na mashine yao ya miguu mitatu. Wanapima Mji Mkongwe wote. Kila nyumba, kila ukuta, kila kizingiti."

"Kaa kwanza, yakhe," alisema Chumvi. "Usije ukapimwa na wewe, ukaandikwa uwanja wa wazi."

Watu wakacheka. Redio akakaa, lakini kwa hasira.

Huyu Chumvi jina lake Mjaka, fundi cherehani mstaafu, na hilo la Chumvi alibatizwa pale pale barazani, kwa sababu hadithi haimpiti mdomoni bila ya kuongezwa. Mwambie umemwona paka, akifika kona ya pili paka keshakuwa chui, na kona ya tatu chui kavaa herini. Kwenye baraza ile ndefu ya mawe, iliyoegemea nyumba ya Bi Hamda, alikuwa na pahala pake, pembeni karibu na mlango, na akimkuta mgeni kakaa hapo, Chumvi husimama mbele yake akikohoa mpaka mtu akahama mwenyewe. Wa tatu wao alikuwa Muhiddin, waliyemwita Injinia. Uhandisi wake wote ni siku moja kumshikia ngazi fundi wa umeme, na tangu siku hiyo hasemi jambo ila "kiufundi".

"Kiufundi," akasema Injinia, "ardhi hupimwa kabla ya kujenga. Mji ushajengwa tangu enzi hizo, leo wanapima nini? Ni sawa na kumpima mtu kanzu keshaivaa."

"Wapo wanaopimwa hivyo," Chumvi alisema. "Nimewashonea miaka yote."

"Zamani hakukuwa na mambo haya," Redio akadakia. "Ukiuliza fulani ana shamba kubwa kiasi gani, unaambiwa ana mikarafuu mia na minazi hamsini. Hukuambiwa ardhi. Ardhi ni kitu cha kushikilia miti isianguke."

"Na mpaka ulikuwa mdomoni," Chumvi akasema, na hapo akaweka kikombe chini, ishara kwamba chumvi inakuja. "Babu yangu alikuwa na shamba Kidichi. Lilianzia kwenye mdalasini mkubwa likaishia pale alipofia punda wa jirani."

"Ebo! Na punda akishaoza?"

"Punda ataoza, mpaka hauozi. Kila mtu alijua ni hapa alipofia."

"Hapa wapi?" akauliza Injinia. "Kichwani au mkiani? Kiufundi baina ya kichwa cha punda na mkia wake panakaa mnazi mzima."

"Si ndiyo kesi yenyewe! Babu kashikilia mkia, jirani kashikilia kichwa. Wamekwenda kwa kadhi mara ngapi sijui. Kadhi mwishoe kachoka, kaamuru mtoto wa huyu amuoe mtoto wa huyu, shamba liwe moja, na punda arehemewe."

Sami akacheka mpaka dele la kahawa likamwagika. Injinia hakutaka kupitwa.

"Hiyo afadhali. Shemegi yangu Abrahman kakata kiwanja Matemwe, ufukweni. Kaogopa kungojea wapimaji wenye leseni, kachukua wa mitaani, wale wenye futikamba mfukoni. Wamempimia bahari imekupwa. Bikoni nne za mpaka, za zege, kila moja pembeni pake, mambo safi, picha zimepigwa. Maji yalipojaa, bikoni mbili zinaonekana. Mbili zimehamiwa na pweza."

"Lahaula! Kafanyaje sasa?"

"Kapanda mwani. Watu wakimuuliza hoteli iko wapi, anawaambia wangojee ikauke."

Kicheko kikapanda kichochoro kizima. Juu kabisa, dirisha la Bi Hamda likafunguka kidogo, likabaki hivyo. Redio akaliona, akashusha sauti, na Redio akishusha sauti ujue mambo mazito.

"Chekeni. Hamjauliza linatuhusu nini. Bi Hamda keshamwambia Sheha wa mtaa kwamba baraza hii ni ya nyumba yake, ataka wapimaji waitie ndani ya mpaka wake. Ikishatiwa, kwaherini. Anaweka vyungu vya maua, tangu mlangoni mpaka pembeni. Asumini, wallahi. Nimesikia kwa mtu aliyeagizwa vyungu."

Hapo Chumvi hakucheka. Kikombe kilikuwa kishafika mdomoni, akakirudisha chini bila ya kunywa. Tangu mkewe Dalal afariki mwaka juzi, nyumbani kwake hakuna sauti ila ya friji, na hata hiyo ina siku inanyamaza. Akishaswali alfajiri huja hapa, akaondoka magharibi, na baina ya hapo ndipo anapojiona mtu. Vyungu vya asumini!

"Haiwezekani," akasema. "Baraza hii si ya Bi Hamda. Ni ya njia."

"Hasa!" Injinia akajipiga kofi gotini. "Kiufundi, ikiwa ya njia ni ya umma. Na umma ni nani?"

Wakatazamana wote. Umma ni wao.

Hawajamaliza kukubaliana, mpimaji akatokea. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, mtandio kaufunga vizuri nyuma, mashine begani, ndoo ndogo ya rangi mkononi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

"Ahsanteni, nshakunywa. Mimi naitwa Khairat, ni mpimaji. Nitawasumbua kidogo. Mwenzangu kashikwa na homa leo, nataka mtu wa kunishikia fimbo hii yenye kioo, aisimamishe pale ninapomwambia, asitikisike."

Injinia alikuwa keshasimama kabla hajaulizwa. Akavishwa kizibao cha rangi ya embe bivu chenye mistari inayong'aa, akapewa fimbo, na uso ukambadilika. Akawa hawajui tena wenziwe.

"Wananchi," akasema, "naomba mrudi nyuma. Pana kazi ya serikali hapa."

"Injinia, weye huyu huyu?" Redio alishangaa.

"Nyuma, bwana. Unakata mionzi."

Khairat alipima ukuta wa Bi Hamda, akapima ukuta wa nyumba ya mbele, akapima ukingo wa baraza. Kisha akawageukia wazee.

"Sasa kuna jambo moja mashine haiwezi kunambia. Mwenye nyumba kasema baraza hii ni yake. Katika kazi yetu ya utambuzi wa ardhi kila mpaka unataka ushahidi wa majirani. Nyinyi mnaikalia kila siku. Ni ya nyumba au ni ya njia?"

"Ya njia!" wakajibu kwa pamoja, na Injinia na kizibao chake.

"Mnajuaje?"

Bora angekuwa hakuuliza. Kumuuliza Chumvi "unajuaje" ni kumfungulia ghala.

"Mwanangu Khairat," akasema, akavuta kanzu, akakaa sawasawa, "hii unayoiona kichochoro ilikuwa barabara. Babu yangu mimi akipita hapa na gari."

"La punda?"

"La moto! Morisi nyeusi, taa mbili mbele kama macho ya kungwi. Akitoka Forodhani, anapita hapa, anapiga honi pale mlangoni, paap, watoto wanakimbia."

Khairat akatazama kichochoro, akamtazama Chumvi, akaandika. Redio aliona kalamu ikitembea, na roho ikamuuma kwamba habari inatoka na yeye hamo.

"Gari ni jambo dogo," akasema. "Miye nimewahi kuona lori. Lori la karafuu, limejaa mpaka juu, magunia yamefungwa kamba. Likipita hapa mtaa mzima unanukia wiki nzima."

"Lori, hapa?"

"Hapa hapa. Na utingo wake kaning'inia nyuma, naapa."

Injinia alikuwa amesimama na fimbo, hatakiwi kutikisika, lakini ulimi haukuambiwa usitikisike. "Kiufundi kabla ya lori walikuwa ngamia. Wale wa vinu vya mafuta ya ufuta. Wakipita wawili wawili, mmoja anakwenda kinuni, mmoja anarudi. Wanapishana hapa hapa nilipo. Na wanaamkiana."

Khairat akawa anaandika tu, uso haujui kucheka wala kukunja. Alipomaliza akaenda kwenye ukingo wa baraza, akanyoosha futikamba mpaka ukuta wa pili.

"Wazee wangu," akasema taratibu. "Hapa mtu mnene mwenye kikapu anapita ubavu. Lori lilipitaje?"

Sami akajitia kusuuza vikombe vilivyokwisha suuzwa. Redio akamtazama Injinia, Injinia akatazama kioo cha fimbo. Wote wakamwachia Chumvi, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta gari la kwanza.

Na hapo, jamani, ndipo ungeona mtu anavyojichimbia kaburi kwa mwiko wake mwenyewe. Palikuwa na njia nyepesi ya kusema "natania, mwanangu". Lakini tangu kuzaliwa kwake Chumvi hajapata kuiacha hadithi yake njiani ikauawa mbele za watu.

"Lilipita," akasema, "kwa sababu baraza haikuwepo."

"Haikuwepo?"

"Haikuwepo kabisa. Imejengwa juzijuzi tu. Njia ilikuwa tupu, ukuta kwa ukuta."

"Na nyinyi wengine mnathibitisha?"

"Tunathibitisha!" wakasema, wamefurahi kuokoka.

Khairat akafunga kalamu. "Basi mambo yamekuwa mepesi. Njia ilikuwa pana, lori likipita, ngamia wakipishana. Baraza imekuja baadaye, imejengwa juu ya njia ya umma. Kitu kilichojengwa juu ya njia ni kizuizi. Naandika kivunjwe, njia irudi upana wake." Akamkabidhi Injinia ndoo na brashi. "Nisaidie, tafadhali. Alama ya msalaba, nyekundu, hapo pembeni karibu na mlango, ionekane."

Injinia, kizibao mwilini, kazi ya serikali mkononi, akachovya brashi na kupiga msalaba mkubwa hasa. Alipoinuka kutazama kazi yake ndipo alipogundua amepaka pale anapokaa Chumvi.

"Ebo!" akasema. "Khairat, kivunjwe nini?"

"Baraza."

"Baraza hii?"

"Kuna nyingine mnayoikalia?"

Redio akaondoka barazani kwa kuruka, utasema imeshika moto. Chumvi yeye hakuweza kuinuka. Ule msalaba ulikuwa ubavuni kwake, rangi bado mbichi, na akauona wazi mwisho wa mambo: patakuja watu na nyundo, patabaki ukuta mtupu, na yeye atarudi nyumbani akasikilize friji. Na aliyefanya hivyo si Bi Hamda na asumini zake. Ni yeye na Morisi ya babu yake.

"Mwanangu," akasema, "hebu futa hayo tulosema."

"Siwezi, mzee wangu. Ushahidi nshauchukua, majirani watatu, neno moja. Anayeweza kuupinga ni mwenye nyumba, kabla sijakunja mashine yangu. Akija na shahidi anayekumbuka baraza ya zamani, nitasikiliza."

Mwenye nyumba! Wakainua vichwa wote kwa pamoja. Kule juu dirisha lilikuwa wazi lote sasa, na Bi Hamda kaweka viwiko juu ya mbao, kajaa tele, muda mrefu yuko pale.

"Bi Hamda," aliita Chumvi. "Shikamoo."

Hajapata kumwamkia hivyo hata siku moja, maana umri wao ni mmoja.

"Hiyo shikamoo ya leo ina dawa gani ndani yake?" akauliza Bi Hamda. "Mpisheni lori la karafuu kwanza, ndiyo tuzungumze."

"Bi Hamda, wanavunja baraza yako."

"Yangu tena? Si ya njia? Kila siku namwagiwa kahawa mlangoni kwangu, nikisema naambiwa Bi Hamda mkorofi, umma umekaa. Haya, umma, jiteteeni."

"Tumekosa," Injinia akasema, kisha akakumbuka kizibao. "Kiufundi tumekosa."

Bi Hamda akafunga dirisha. Wakasikia ngazi za ndani zinalia, na roho ya Chumvi ikapanda na kushuka nazo. Mlango ukafunguliwa. Akatoka, mdogo wa kimo, kanga kajitanda, akamwendea Khairat moja kwa moja.

"Mwanangu, baraza hii ya babaangu. Nataka iwe ndani ya mpaka wangu. Shahidi wangu huyu hapa." Akamwonesha Chumvi kwa kidole. "Lakini nataka aseme kweli. Kweli tupu. Akitia chembe moja ya chumvi, nawaacha waje na nyundo, nami nitawapikia chai wavunjaji."

Wenziwe wakamtazama kwa huruma, kwa sababu walijua ni kama kumwambia samaki apande mnazi. Chumvi akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akafungua tena.

"Babu yangu hakuwa na gari," akasema. "Alikuwa na punda. Tena wa kuazima."

"Endelea."

"Lori halijapita hapa. Wala ngamia."

"Na wangu pia?" Injinia akauliza kwa masikitiko.

"Wako pia." Akamgeukia Khairat. "Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza ushoni. Babaake Bi Hamda kaniita nije kumpima kanzu. Nikaambiwa nikae nje ningojee. Nikakaa hapa, pembe hii hii, na jiwe lilikuwa laini tayari, kwa hivyo kuna waliokaa kabla yangu. Akatoka msichana, binamu yake Bi Hamda, kaniletea maji. Jina lake Dalal. Kanzu ile nikaja kuipima mara tatu. Vipimo nilikuwa navyo tangu mara ya kwanza."

Chumvi akafuta pua kwa kiganja.

"Nimemuoa. Tumeishi vizuri. Mwaka juzi kanitoka, na tangu siku hiyo nyumbani sikai, nakuja hapa. Sina pengine pa kwenda, mwanangu. Hiyo ndiyo kweli yote."

Khairat akatazama karatasi yake. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, nisamehe. Asubuhi hii umenipa Morisi yenye macho ya kungwi. Nitajuaje kama hii si hadithi nyingine?"

Maskini Chumvi, mara moja maishani kasema kitu kama kilivyo, hasadikiwi!

"Ni kweli," Bi Hamda akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika, na hakuificha. "Nilikuwa nyuma ya mlango, miye ndiye nilomtuma Dalal na maji, nikimchungulia. Alikaa juu ya baraza hii hii. Na kanzu yenyewe ilipokwisha, mikono ilimfika babaangu magotini. Vipimo gani, mtu macho yote yako mlangoni!"

Hapo Khairat alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile. Akafuta alichoandika, akaandika upya, akapigilia msumari wa mpaka kwenye ukingo wa nje wa baraza, upande wa njia. Injinia akaambiwa aufute msalaba. Hakuwa na kitambaa, na kizibao hakuthubutu kukichafua, akaufuta kwa pindo la kanzu ya Redio, na Redio alikuwa amefurahi mno hata asitambue mpaka alipofika nyumbani.

"Baraza ni ya nyumba ya Bi Hamda," Khairat akasema. "Hakuna wa kuivunja." Akakunja mashine, akamvua Injinia kizibao kwa shida kidogo, akaaga.

Wazee wakashusha pumzi. Redio akasogea akae. Injinia akasogea akae. Chumvi akawa anainama kurudi pembeni kwake.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Bi Hamda.

Wakasimama nusu nusu, magoti yamepinda.

Bi Hamda akapanda barazani, akajitandaza katikati, akazipanga kanga zake pande zote mbili mpaka baraza ikajaa. "Sami, nipe kikombe. Nyinyi si mmeshuhudia mbele ya serikali kwamba chenu ni njia? Njia hiyo hapo. Tena pana, lori linapita. Simameni."

Wakasimama, kila mtu na kikombe chake, kama watu waliokosa viti kwenye harusi. Mtu mmoja akapita na kikapu, ikabidi wote watatu wajibane kwenye ukuta wa pili. Bi Hamda akanywa kahawa taratibu, akawatazama, akafurahi hasa. Kisha akamwona Chumvi anavyoitazama ile pembe, akavuta kanga upande mmoja.

"Wewe Mjaka, kaa. Umesema kweli leo. Vyungu nitaviweka juu darini."

Chumvi akakaa. Mgongo ukagusa ukuta, na kwa furaha akataka kumshukuru kwa kitu kikubwa, akatafuta neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Unajua, Bi Hamda," akasema, "baraza hii si baraza hivi hivi. Mawe yake yaliletwa na Wareno. Nahodha wao mwenyewe kayabeba begani, lile kubwa la pembeni kalibeba kwa meno..."

"Simama," akasema Bi Hamda.

Chumvi akasimama, akashuka njiani na kikombe chake baina ya Redio na Injinia, na nahodha wa Wareno akaendelea kupandisha mawe kutoka bandarini, jiwe moja meno ya juu, jiwe moja meno ya chini. Bi Hamda akamnyooshea Sami kikombe atiliwe cha pili.